Kichaka Kisicho na Mahali

Kijiji cha Seng'enge, Garissa
16 Januari 1967

Kwa Ndugu Mwakio Nyambu,

Assalamu alaykum. Mimi ni Ahmednoor, yule mwalimu aliyekubebea mbao za kukandamizia mimea mwaka wa sitini na mbili, tulipotoka Modogashe gari likazama mchangani siku mbili. Ulinifundisha kuandika maelezo ya mmea, ukasema mwandiko wangu unaushinda wa mkubwa wako. Natumaini hujasahau, maana mimi sijasahau.

Shule yangu imefungwa. Tangu mwaka jana tumehamishiwa hapa, ndani ya uzio wa seng'enge, sisi na jamaa waliokuwa wakihamahama na mifugo kati ya hapa na Dadaab. Mifugo imechukuliwa. Tunahesabiwa asubuhi na jioni, na kwa kuwa najua kusoma, mimi ndiye ninayeita majina. Asubuhi wanawake huruhusiwa kutoka kuokota kuni, mwisho maili moja. Atakayeonekana kupita hapo anahesabiwa kuwa shifta, mwasi wa porini, naye hupigwa risasi kwanza, maswali baadaye. Barua zetu tunazipeleka wazi ofisini kwa Bwana Ofisa, huzisoma kabla hazijasafiri. Kwa hiyo naye namsalimu hapa.

Ninakuandikia kwa sababu ya mmea. Kitawi nilichofunga ndani ya gazeti kilikuja kimenasa katika mzigo wa kuni. Wazee wanauita yihib. Ni kichaka kisichozidi kimo cha mtu, matawi mengi kutoka chini, magumu kuvunja kwa mkono. Majani hayapukutiki hata kiangazi. Kila jani lina vijani vidogo jozi nne, vigumu kama ngozi ya kiatu, na upande wa chini vina vidoti. Ua ni la njano. Ganda ni fupi, ncha yake imepinda, na ndani mna mbegu moja au mbili, nene kuliko kokwa ya tende. Mbegu huliwa mbichi, au ya kuchemsha, au ya kuchoma. Ni tamu. Mtoto akila kumi asubuhi haulizi uji hadi adhuhuri, na hapa kwetu uji ni wa kuuliza kweli.

Mahali: sijui.

Ndugu yangu, kama mmea huu una faida kwa ofisi yenu ya kuhifadhi mimea mikavu, naomba mkubwa wako aandike barua nipewe kibali cha kutoka nje kuwakusanyia mimea. Kazi naijua. Idi tumeila ndani ya seng'enge, na nyama yenyewe tulihadithiana tu.

Wako,
Ahmednoor

*

Nairobi
30 Januari 1967

Mwalimu wangu Ahmednoor,

Nikusahau vipi, mtu aliyenilisha nyama ya ngamia akaniapia kuwa ni ng'ombe? Barua yako ilinifikia Jumanne, na tangu Jumanne hiyo sijatulia kitini. Mkubwa wangu alipokiona kitawi aliacha chai yake ikapoa, na wewe unajua yule mzee na chai yake.

Yihib ni mmea wa Ogadeni na bara ya Somalia. Katika orodha ya mimea ya Kenya haumo. Haujawahi kuwamo. Ni wa jamii ya kunde, ndugu wa maharage anayopika mke wangu Mghoi kila siku ya Mungu, lakini huyu ni ndugu aliyekimbilia jangwani akatajirika. Mzizi wake huzama chini kuliko kisima cha kwetu Wundanyi. Mbegu mbichi huota upesi, ila mti wenyewe hukua kwa kuringa: miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa.

Lakini Mwalimu, umezeeka. Umeacha jambo ambalo hata mtoto angeliona. Vile vidoti chini ya jani ni vifuko vya rangi. Niliyashika majani yako mara moja tu, na hadi leo vidole vyangu ni vyekundu. Mghoi ameniuliza nimemfuta nani rangi ya mdomo. Sabuni haitoi, mafuta ya taa hayatoi. Aliyechuma yihib hawezi kukana, mikono yake itamsema wiki nzima.

Na hilo la mahali, "sijui" si jibu. Nimefungua makabati yote humu. Hakuna aliyewahi kuuona karibu na mto Tana, wala hauwezi kuota hapo, unataka mchanga mwekundu wenye kina. Kwa hiyo huyo mwokota kuni alikwenda mbali sana kuliko maili moja yako. Muulize vizuri, kisha uniandikie. Maelezo ya mmea bila mahali ni kama barua bila anwani, haina wa kumfikia.

Nikuambie jambo nawe ufurahi. Mkubwa ameniahidi kwamba maelezo yakikamilika, jina langu litaandikwa chini ya lake, nami nitaondolewa kwenye kazi ya kubandika majani. Miaka kumi na moja nimebandika majani ya watu wengine. Kibali chako nakishughulikia.

Mwakio

*

Kijiji cha Seng'enge, Garissa
13 Februari 1967

Ndugu Mwakio,

Barua yako nilikabidhiwa Alhamisi. Ilikuwa imesomwa kwa makini. Mistari miwili ilipigiwa penseli ya buluu, ule wa mikono na ule wa kwenda mbali.

Habari za hapa ni za furaha. Alhamisi hiyohiyo alasiri tulikuwa na arusi. Mzee Dekow amemwoa Bi Batula, mjane wa siku nyingi. Wanawake wote, na wasichana pia, walijipaka hina mikono yote miwili hadi kwenye kifundo, kama ilivyo desturi yetu. Ijumaa asubuhi Bwana Ofisa aliwapanga mstari akaikagua mikono, mmoja mmoja. Aliona mwenyewe jinsi arusi zetu zinavyopendeza.

Kuhusu mmea, mimi sikuona rangi yoyote. Huenda ni wino wa gazeti. Na lile la mahali naomba tuliache. Ukipenda tuache yote, hata la kibali.

Ahmednoor

*

Nairobi
27 Februari 1967

Mwalimu,

Wape maharusi hongera zangu. Lakini barua yako imeniudhi, na sitaficha.

Wino wa gazeti? Mimi nimeshika majani tangu sijaota ndevu. Unaniambia sijui rangi ya jani na rangi ya gazeti? Kwanza ulinibembeleza kibali, sasa unataka tuache yote. Nilijiuliza nimekukosea nini, kisha nikaelewa. Umeogopa usumbufu wa ofisi, umeona aibu kunisumbua. Ondoa shaka. Mkono uliokufundisha kazi hauwezi kukutupa.

Mkubwa wangu ameandika rasmi huko kwenu. Ameomba upewe kibali, na kwa ajili ya usalama wako upewe askari wa kukusindikiza hadi kwenye kichaka chenyewe. Bwana Ofisa wenu amejibu kwa simu ya maandishi siku hiyohiyo kwamba yuko radhi kabisa. Sijawahi kuona ofisi ya serikali ikijibu upesi hivyo. Kumbe si mtu mbaya. Nimempelekea na michoro yangu ya jani, ua na ganda, ili askari wasipotee hata wewe ukichoka.

Ukifika hapo, chimba mzizi. Na uandike mahali, Mwalimu. Laga gani, maana mikondo mikavu ya maji huko ni mingi, maili ngapi, upande gani wa barabara.

Mwakio

*

(Kwa mkono wa Jelle, dereva wa lori)
10 Machi 1967

Mwakio,

Barua hii haijasomwa na mtu. Jelle ameiweka chini ya kiti chake, na akikamatwa nayo ataozea ndani. Kwa hiyo isome mara mbili kisha itie motoni.

Nimekukasirikia hadi nimeshindwa kula, na wewe unajua kula kwenyewe kulivyo. Lakini kosa ni langu. Nilikuficha, na mtu aliyefichwa hawezi kulaumiwa kwa kukanyaga.

Nina dada, anaitwa Raho. Ana binti wa miaka minne, Lul. Mume wa Raho ni Awil, naye hakuingia humu tulipohamishwa, kwa sababu baba yake ni kipofu na hawezi tena kutembea, na askari walitoa siku moja tu. Alibaki porini na mzee na mbuzi kumi na moja. Hajashika bunduki maishani mwake, lakini huko nje hakuna anayeuliza. Anakaa kwenye vichaka vya yihib. Bibi yetu alitoka Ogadeni na mbegu zake kwenye pindo la nguo, akazipanda kando ya laga moja. Jina la laga sitaliandika hata humu.

Raho hutoka na wenzake kama anaenda kuokota kuni, kisha hupenya, anakwenda, anarudi kabla ya mchana wenzake wakimngoja. Awil humwokotea mbegu zilizoanguka, na Raho mwenyewe huchuma zile za juu ya kichaka. Huzileta katikati ya mzigo wa kuni. Watoto thelathini humu wanakula mbegu hizo. Kabla ya hapo tulizika wanne, na wanne hao niliwafundisha alifu.

Sasa utauliza kwa nini nilikutumia kitawi. Kwa tamaa, Mwakio. Nilitaka kibali. Nilitaka kutembea nje bila mtu kunihesabu. Nilifikiri nikiacha kuandika habari ya rangi na mahali nitakuwa nimefunga mlango. Nilisahau kwamba jani lenyewe litakwenda na rangi yake.

Ile Alhamisi nilipoona penseli ya buluu, nilikwenda moja kwa moja kwa dada yangu. Mikono ya Raho ilikuwa myekundu kama ulivyosema. Nilimwendea Maalim, anayewasalisha watu hapa, nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwanamke mmoja mkono mwekundu ni kesi. Wanawake wote mkono mwekundu ni harusi. Tafuta bibi harusi." Msichana tungemdhulumu, kumwoza kwa hofu. Ndipo Batula akajitokeza. Akasema, "Ya kwanza niliolewa kwa ngamia, ya bili kwa huruma, sasa niolewe kwa hina. Mimi nakubali, lakini mahari iko wabi?" Mzee Dekow alitoa fimbo yake, hana kingine. Nikaha ilikuwa ya kweli, kwa mashahidi, kwa sababu Maalim alikataa kumdanganya Mungu ili kumdanganya ofisa. Hina ilichukuliwa yote dukani, hata ile iliyokwisha kuingia wadudu. Wanawake waliimba huku macho yao yako langoni.

Bwana Ofisa alipita mstarini Ijumaa, akishika mkono baada ya mkono. Alipofika kwa Raho aliunusa. Akanitazama mimi, akacheka kidogo, akaondoka. Si mjinga yule mtu. Ndiyo maana barua ya mkubwa wako ilijibiwa kwa simu ya maandishi siku hiyohiyo.

Kibali nimekipata. Nilichokililia kiko hapa mbele yangu na mhuri wake. Kina jina langu, na chini yake askari kumi. Tutatoka Jumatatu tarehe ishirini na saba, Idi ikishapita. Nikiwapeleka, Awil na baba yake wamekwisha. Nikiwapeleka kwingine, wana michoro yako, watajua si penyewe. Nikikataa, ameniambia waziwazi ataanza na mwenye mikono iliyonuka vingine. Hata Raho hawezi kwenda kumwonya mumewe, tangu arusi ile wanawake huokota kuni wakichungwa.

Wewe peke yako ndiye unayeweza kuufungua mlango uliofungwa na barua zetu. Andika kwamba umekosea. Andika kwa mhuri kwamba mmea si ule, ni takataka iliyoota kila mahali. Najua ninachokuomba. Najua ni miaka kumi na moja.

Ahmednoor

*

Nairobi
15 Machi 1967

Kwa Bwana Ofisa wa Kijiji, Garissa
Nakala kwa Mwalimu Ahmednoor

Bwana,

Ninasikitika kukuarifu kwamba katika kuuchunguza upya mmea ulioletwa kutoka kwenu, nimegundua kosa langu. Kitawi kilichopokelewa kilikuwa kimechanganyika mezani kwangu na majani makavu ya zamani kutoka Ogadeni. Michoro niliyokutumia ni ya majani hayo ya zamani, na rangi niliyoitaja ilitoka kwayo. Mmea wa Mwalimu ni kichaka cha kawaida cha jamii ya kunde, kinachopatikana kandokando ya kila njia wilayani kwenu. Hauna rangi, wala hauna faida kwa ofisi hii.

Safari ya tarehe ishirini na saba haihitajiki tena. Mkubwa wangu, aliyetia sahihi hapa chini, amelifuta ombi lake na amenionya kwa maandishi kuhusu uzembe huu.

Mwakio Nyambu,
Mbandikaji

(Sahihi ya mkubwa, na mhuri wa ofisi)

*

(Kwa mkono wa Jelle)
15 Machi 1967

Ahmednoor,

Ya mhuri utaisoma au utasomewa. Hii ni ya Mwakio wa Modogashe.

Barua yako niliisoma mara mbili, nikaenda nyuma ya jengo nikalia kama mtoto. Nilikuwa najiona mjuzi. Nilifurahia vidole vyangu vyekundu, nikavionyesha ofisini chumba kwa chumba, na siku hiyohiyo nilikuwa naandika hati ya kumkamata dada yako kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nakumbuka jinsi nilivyokusisitizia: laga gani, maili ngapi. Nisamehe.

Mkubwa aliniuliza mara mbili nilipomwambia nimechanganya majani. Nadhani hakuamini, lakini aliandika. Jina langu halitaandikwa chini ya la mtu. Nimerudi kwenye gundi na karatasi, na Mghoi anasema afadhali, gundi haijamuua mtu.

Aliniamuru nikitupe kitawi. Sikuweza. Nimekibandika na kukificha katika kabati la nyasi, hakuna anayefungua kabati la nyasi. Mahali pa kuandika mahali nimepaacha patupu, na pa jina la aliyechuma vilevile.

Mwakio

*

(Kwa mkono wa Jelle)
21 Aprili 1967

Ndugu yangu Mwakio,

Barua yako ya mhuri ilifanya kazi. Bwana Ofisa aliniita akanisomea mwenyewe, akachana kibali mbele yangu, akasema wasomi wa Nairobi hawajui hata majani. Nilikitazama kibali kikianguka vipande vipande, na ingawa ndicho nilichokiomba kichanwe, moyo uliniuma. Wewe nakuambia ukweli sasa.

Alipoona hakuna kichaka cha kutafuta, alilegeza ulinzi wa kuni, akaongeza na ruhusa ya kutoka adhuhuri. Ijumaa tarehe thelathini na moja Machi, adhuhuri, watu wakiwa kwenye sala, Raho alimfunga Lul mgongoni, akajitwisha kamba ya kuni, akatoka na wenzake. Hakurudi nao. Alikuwa ameniaga kwa maneno machache: "Walaal, ndugu yangu, hina imeisha dukani." Nilijua maana yake. Rangi ya yihib angeendelea kuja nayo, na arusi nyingine hatukuwa nayo. Kaka mwema angemzuia kwa sababu ya risasi, kaka mwema angemruhusu kwa sababu ya njaa. Mimi nilisimama tu. Siku ya tatu mbegu zililetwa na mwokota kuni mwingine, alizikuta zimefungwa kwa kitambaa cha Lul chini ya mti, ndani ya maili moja. Wamefika.

Jioni ya Ijumaa ile nilipoita majina nilifika kwenye jina la Raho, nikaliita. Bwana Ofisa alikuwa amesimama kando yangu. Kabla hajageuka, Batula aliitika. Lilipofika jina lake mwenyewe aliitika tena kutoka upande wa pili wa mstari, amejitanda shuka la mtu mwingine. Mzee Dekow humtengenezea njia kwa kukohoa. Mtoto wa jirani huitika kwa Lul. Hivyo ndivyo tunavyohesabiwa asubuhi na jioni, tangu siku hiyo, na idadi imetimia.

Kwa hiyo usiniombee tena kibali, hata mkubwa wako akikusamehe. Nikitoka mimi, daftari la majina atalishika karani kutoka mjini, atatazama nyuso. Nilitaka mlango, Mwakio, na sasa nimekuwa kufuli lake. Siku nyingine nahisi seng'enge imenizunguka kooni. Lakini jina la Raho naliita kwa sauti kubwa kuliko majina yote.

Ile nafasi uliyoiacha patupu, ya aliyechuma, andika Raho siku vita ikiisha. Mimi sikuchuma kitu.

Na mahali pia ninapo, pa kukupa wewe bila hofu. Nilibakiza mbegu tano, nikazipanda nyuma ya kibanda changu mvua zilipoanza, hatua nne kutoka kwenye uzio. Tatu zimeota, ingawa ulisema karibu na Tana haziwezi. Zina vijani viwili viwili, vigumu, na chini yake vidoti. Bwana Ofisa alipita akauliza ni nini, nikamwambia kunde. Akasema vizuri, mjifunze kulima.

Nazimwagilia maji ya kutawadhia. Uliniandikia kwamba huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa. Kila nikizimwagilia namwomba Mungu zizae vizuri, na namwomba nisiwepo hapa kuzila.

Wako,
Ahmednoor